Je, wajua kwa nini fanksheni ya C haipunguzi salio lako?

Tuseme unaanza kujifunza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na umeandika programu ndogo ya kibanda cha mobile money pale Wandegeya, Kampala. Mteja ana shilingi 20,000, anatoa 5,000:

#include <stdio.h>

void toa(int salio) {
    salio = salio - 5000;
}

int main(void) {
    int salio = 20000;
    toa(salio);
    printf("%d\n", salio);
    return 0;
}

Kompaila (inayotafsiri C kuwa lugha ya kompyuta) inakubali, programu inakwenda, lakini skrini inaonyesha 20000. Kwa nini?

Fanksheni ni kipande cha programu chenye jina lake: unakiandika mara moja, unakiita kila unapokihitaji. Hata main ni fanksheni, na ndiko programu inakoanzia. Sasa, unapoita toa(salio), C haikabidhi kigeu chenyewe, yaani mahali penye jina panapohifadhi thamani. Inanakili thamani yake, na nakala hiyo ndiyo inayoingia ndani. Ni kama kumpa karani fotokopi ya kitambulisho: aichorechore atakavyo, kitambulisho chako kiko salama mfukoni. Ndani ya toa, nakala ilishuka kweli hadi 15000, lakini fanksheni ilipomaliza kazi, nakala nayo ikaisha. Majina yamefanana tu. Hivyo ni vigeu viwili, kila kimoja na mahali pake kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Dennis Ritchie aliibuni C huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kanuni hii ipo hadi leo. Faida yake ni kubwa: unaweza kuita fanksheni iliyoandikwa na mtu mwingine bila hofu kwamba itavuruga vigeu vyako kimyakimya.

Dawa nyepesi ni fanksheni irudishe jibu. Badala ya void (hairudishi kitu) weka int (inarudisha namba kamili), ndani andika return salio - 5000; kisha kwenye main andika salio = toa(salio);. Kwa anayeanza, naipenda zaidi njia hii, maana ukisoma mstari huo tu unaona wazi kwamba salio linabadilika.

Njia nyingine ni kuipa fanksheni anwani ya kigeu, yaani mahali kilipo kwenye kumbukumbu, kwa alama ya &: toa(&salio). Upande wa pili inapokelewa kama int *salio, na kazi inafanywa na *salio = *salio - 5000;. Katika mstari huo nyota maana yake ni kilichopo kwenye anwani hiyo. Hapo pia C imenakili, ila safari hii kilichonakiliwa ni anwani, na kwa anwani hiyo fanksheni inafika pale pale pesa zilipo.

Ndiyo maana scanf("%d", &salio) inadai alama ya &: kazi yake ni kusoma namba aliyoandika mtumiaji na kuiweka ndani ya kigeu chako, kwa hiyo lazima ijue kilipo. printf, inayoandika kwenye skrini, inasoma thamani tu, nakala inaitosha.