Gleichschaltung: Ujerumani yote kwenye swichi moja

Kiswahili hakina neno moja la kubeba neno hili la Kijerumani. "Gleich" ni sawa. "Schalten" ni kuwasha au kuzima kwa swichi. Lilikuwa neno la mambo ya umeme kabla wanasiasa hawajalichukua, likimaanisha kuunganisha nyaya ili mkondo wote uende pamoja. Mwaka 1933 Wanazi walilitumia kuita kazi ya kukifunga kila chombo cha nchi kwenye mkono wao: majimbo, magazeti, vyuo, vyama vya wafanyakazi, makanisa, hadi kwaya za vijijini.

Ukilitafsiri "kusawazisha" utapotosha, kwa sababu masikioni mwetu kusawazisha ni jambo la haki. Anayesawazisha bao anairudisha timu yake mchezoni. Kilichotokea Ujerumani kiko karibu zaidi na "kuunganishwa kwenye swichi moja", na nitakiita hivyo.

Neno la jumla ni ufashisti, siasa aliyoiingiza madarakani Benito Mussolini kule Italia mwaka 1922: kiongozi mmoja, chama kimoja, taifa juu ya mtu, na ngumi kwa anayepinga. Unazi ni ndugu yake wa Kijerumani, uliojengwa juu ya imani ya ubora wa damu, na chuki dhidi ya Wayahudi ndiyo iliyokuwa moyo wake.

Wengi hudhani Hitler aliipindua serikali. Hakuipindua. Mwaka 1928 chama chake kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, Wajerumani wapatao milioni 6 wakakosa kazi, na Julai 1932 chama hichohicho kikapata asilimia 37.3. Novemba mwaka huo kilishuka hadi 33.1. Hakikuwahi kupata nusu ya kura katika uchaguzi huru. Aliyemkabidhi ukansela, yaani uongozi wa serikali, tarehe 30 Januari 1933 ni Rais Paul von Hindenburg, kwa ushauri wa wahafidhina kama Franz von Papen, walioamini kwamba wakimzunguka na mawaziri wao watamwongoza wapendavyo.

Walikosea vibaya. Tarehe 27 Februari jengo la bunge liliungua, na kesho yake amri ya dharura ikafuta uhuru wa kusema, wa kukutana na wa kutokamatwa ovyo. Tarehe 23 Machi wabunge walikutana katika jumba la opera la Kroll, askari wa chama wakiwa wamewazingira, kupigia kura sheria ya kuipa serikali mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Wakomunisti hawakuwemo: walikuwa jela, mafichoni au uhamishoni. Otto Wels wa SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia, alisimama mbele ya umati ule akaikataa sheria hiyo kwa niaba ya wenzake. Kura 94 zilipinga, 444 ziliunga mkono. Kila ninapoifikiria siku hiyo nawaheshimu wale 94, maana walijua kinachowangoja nje ya mlango. Kambi ya mateso ya Dachau ilikuwa imefunguliwa siku moja kabla.

Baada ya hapo nyaya ziliunganishwa harakaharaka. Majimbo yaliwekewa magavana wa Hitler. Sheria ya 7 Aprili iliwatoa Wayahudi na wapinzani katika utumishi wa umma. Mei Mosi ilifanywa sikukuu ya taifa, wafanyakazi wakaandamana kwa shangwe. Kesho yake ofisi za vyama vyao zilivamiwa na viongozi wao kukamatwa. Julai hapakuwa na chama halali isipokuwa kimoja.

Lakini sheria zinaeleza nusu tu ya jambo. Nusu nyingine, inayonisumbua mimi zaidi, ni ya watu waliojiunganisha wenyewe kabla hawajaambiwa. Wajerumani wana neno lake pia: Selbstgleichschaltung, yaani kujifunga mwenyewe kwenye swichi.

Chukua mpira. Juni 1932 Bayern München ilitwaa ubingwa wa Ujerumani kwa mara ya kwanza, rais wake akiwa Kurt Landauer, Myahudi. Machi 1933 Landauer alijiuzulu. Tarehe 9 Aprili klabu 14 za kusini, Bayern ikiwa mojawapo, zilitia saini tamko la kujiweka tayari kusaidia serikali mpya, hasa katika kuwaondoa Wayahudi kwenye klabu za michezo. Hapakuwa na sheria iliyozilazimisha. Rangi za jezi zilibaki zilezile, uwanja ulibaki uleule, na mtu aliyeijenga timu akawa nje. Mwaka 1938 Landauer alifungwa Dachau. Alitoka, akakimbilia Uswisi, na baada ya vita akarudi kuiongoza klabu ileile.

Ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Vyama vya mazoezi ya viungo, vya waimbaji na vya madaktari vilimweka Mnazi kwenye uongozi na kumfukuza Myahudi, kisha mikutano ikaendelea. Jina juu ya mlango halikubadilika, ndiyo maana wengi hawakuhisi kwamba nchi yao imeondoka.

Swichi iliingia hata kwenye simu. Wajerumani walipotaja herufi kwa simu walisema D ya David, N ya Nathan, S ya Samuel. Mwaka 1934 majina hayo ya Biblia yalifutwa kwa sababu yalisikika ya Kiyahudi. Ikawa Dora, Nordpol, Siegfried. Redio ya bei nafuu ya marka 76 ilipewa namba VE 301, kwa heshima ya tarehe 30 ya mwezi wa 1, siku Hitler alipopata ukansela. Aliyeinunua alipeleka sebuleni tarehe hiyo pamoja na hotuba zake.

Ndoa nazo ziliunganishwa. Wachumba waliokubalika kwa damu walipewa mkopo wa hadi marka 1,000, mke akiacha kazi, na kila mtoto aliyezaliwa alifuta robo ya deni. Upande wa pili, watu wapatao 400,000 walihasiwa au kufungwa kizazi kwa nguvu, wengi wakiitwa wagonjwa wa akili. Mwaka 1935 sheria za Nuremberg ziliwavua Wayahudi uraia kamili na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Polisi wa siri hawakuwa wengi kiasi cha kujaza kila mtaa. Mara nyingi aliyepeleka taarifa alikuwa jirani, mfanyakazi mwenzako, au ndugu uliyegombana naye.

Mkono wa polisi hao ulimfikia hata mtoto wa Dar es Salaam. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Mohamed Husen, alizaliwa mwaka 1904 na akawa askari wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin. Alihudumu mezani katika mikahawa, akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, akaoa Mjerumani siku chache kabla Hitler hajawa kansela. Chuo kiliendelea kumtumia kwa lugha yake, na watengeneza filamu kwa sura yake. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Leo mbele ya nyumba aliyoishi, mtaa wa Brunnenstraße, kuna kibamba kidogo cha shaba kilichopachikwa njiani kwa ajili yake.