UTI kwa mwanamke: ni nini hasa?

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo: vijidudu vimeingia humo, vikazaliana na kuleta uvimbe na maumivu. Njia yenyewe huanzia kwenye figo, ikashuka kwa mirija miwili hadi kibofu, kisha mkojo hutoka nje kwa mrija mmoja. Kwa mwanamke mrija huo wa mwisho una urefu wa sentimita 4 hivi; wa mwanamume hukaribia 20. Tena tundu lake liko jirani na uke na njia ya haja kubwa, na wahusika wakuu ni bakteria wa utumboni, hasa E. koli. Tendo la ndoa huwasukuma juu, lakini UTI yenyewe haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, wala si ushahidi wa uchafu.

Maambukizi yakiishia kibofuni, mkojo huchoma, haja hubana kila mara hata kwa matone tu, na chini ya kitovu huuma. Yakipanda hadi figo huja homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ubavuni. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Muwasho au uchafu kutoka ukeni huelekeza kwingine, kwa mfano fangasi au magonjwa ya zinaa, ambayo nayo huweza kufanya mkojo uchome.

Majibu ya kipimo huharibika mara nyingi wakati wa kukinga mkojo. Tenganisha mashavu ya uke, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye chombo safi, na ufike maabara ndani ya saa 2. Wa asubuhi unafaa zaidi, kwa sababu kijiti cha kupimia hutafuta naitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria, nao huhitaji kama saa 4 kibofuni kuitengeneza. Wengine hawaitengenezi kabisa, hivyo kijiti kisipobadilika rangi, dalili bado zina uzito.

Kinyume chake, bakteria kuonekana kwa mwanamke asiye na dalili yoyote si UTI, na kwa kawaida haitibiwi isipokuwa kwa mjamzito. Hapa ndipo antibayotiki nyingi hupotea bure.

Ikirudi mara 2 ndani ya miezi 6, au 3 kwa mwaka, mkojo uoteshwe maabara, yaani bakteria wake wakuzwe, kabla ya kuanza dawa, ijulikane dawa ipi bado inawaua. Baada ya ukomo wa hedhi, homoni ya estrojeni hupungua na bakteria walinzi wa uke hupungua nayo. Estrojeni ya kupaka ukeni, kwa ushauri wa daktari, husaidia.