Mtumishi wa Mungu, Mwenye Heri, Mtakatifu: nani huitwa nani?

Kila Oktoba 14 inapokaribia, idara yetu ya katekesi huulizwa swali lilelile: je, Mwalimu Nyerere ameshakuwa mtakatifu? Bado. Yeye ni Mtumishi wa Mungu, jina apewalo mtu ambaye mchakato wa kumtangaza mtakatifu umefunguliwa rasmi, na wake ulifunguliwa Jimbo la Musoma mwaka 2005. Jina hilo si daraja la utakatifu. Linaonyesha tu kwamba Kanisa limeanza kuchunguza.

Tuondoe kwanza dhana moja iliyoenea: Papa hamfanyi mtu kuwa mtakatifu. Kwa mafundisho ya Kanisa Katoliki, mtakatifu ni yeyote aliye mbinguni pamoja na Mungu, pengine hata bibi yako ambaye hakujulikana nje ya kigango chake. Novemba 1, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tunawaadhimisha na hao. Papa hutangaza tu: huyu yuko mbinguni, mwombeni awaombee, igeni mfano wake.

Na tunaposema "mwombeni" hatumaanishi kumwabudu. Sikiliza litania parokiani. Kwa Mungu tunaitikia "utuhurumie"; kwa Bikira Maria na watakatifu tunaitikia "utuombee". Anayetushutumu kwamba tunaabudu watu hajaisikiliza hadi mwisho.

Mchakato huanzia jimboni, kwa kawaida si kabla ya miaka 5 tangu mhusika afariki. Papa anaweza kufupisha muda huo, kama ilivyokuwa kwa Mama Teresa wa Kolkata na Yohane Paulo II. Maandishi ya marehemu hukusanywa na kusomwa, na waliomfahamu hutoa ushahidi kwa kiapo. Kwa mwanasiasa kazi hii ni nzito. Hotuba na barua za Mwalimu, hata tenzi zake za Injili, zote zinahusika. Vilevile waliohamishiwa vijiji vya Ujamaa bila ridhaa yao, au waliowekwa kizuizini, wana haki ya kusikilizwa. Uchunguzi unaokusanya sifa peke yake haufai kitu.

Faili hupelekwa Roma, kwenye Baraza la Kipapa linaloshughulikia kuwatangaza wenye heri na watakatifu. Swali linaloulizwa huko si kama alikuwa kiongozi mzuri, bali kama aliishi kwa kiwango cha kishujaa imani, matumaini na mapendo, pamoja na busara, haki, nguvu na kiasi. Papa akiridhika, hutolewa hati ya kutambua fadhila hizo. Kisha husubiriwa muujiza ili atangazwe Mwenye Heri.

Mara nyingi muujiza huo ni uponyaji ambao madaktari wameshindwa kuueleza kitaalamu. Lakini si lazima uwe uponyaji. Sista Irene Stefani wa Shirika la Consolata, ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, alifariki Oktoba 31, 1930, baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyemhudumia. Muujiza wake ulitokea Nipepe, Msumbiji, Januari 1989. Watu waliojificha kanisani wakati wa vita walimwomba msaada, na maji machache yaliyokuwa kwenye chombo cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Alitangazwa Mwenye Heri palepale Nyeri, Mei 23, 2015.

Mfiadini hahitaji muujiza ili awe Mwenye Heri. Kifo chake kwa ajili ya imani kinatosha. Ndivyo ilivyokuwa kwa Sista Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro, Kongo, mwaka 1964 na kutangazwa Kinshasa mwaka 1985. Ndivyo pia kwa Floribert Bwana Chui, ofisa wa forodha wa Goma aliyekataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visipite mpakani. Aliuawa mwaka 2007, akatangazwa Roma Juni 2025. Kwa maoni yangu, kisa chake kingefaa kusomwa katika kila ofisi ya umma ya nchi zetu.

Mwenye Heri huadhimishwa katika jimbo, nchi au shirika lake. Mtakatifu huheshimiwa na Kanisa zima. Kati ya ngazi hizo mbili, kwa kawaida huhitajika muujiza mwingine, unaotokea baada ya ule utangazo wa kwanza. Wafiadini 22 Wakatoliki wa Uganda walitangazwa Wenye Heri mwaka 1920, na Watakatifu Oktoba 18, 1964, miaka 44 baadaye.

Kwa hiyo, kwa Mwalimu unaruhusiwa nini leo? Unaweza kumwomba faraghani akuombee, na kusali ili mchakato wake uendelee. Hairuhusiwi kuweka sanamu yake altareni, kuipa parokia jina lake, wala kuadhimisha Misa kwa heshima yake kama mtakatifu. Misa ya kumwombea marehemu ni halali kabisa. Ukipata neema unayoamini imetokana na maombezi yake, andika tarehe na majina ya walioshuhudia. Kama ni uponyaji, tunza vyeti vya hospitali vya kabla na baada, kisha mpelekee paroko wako.