Zennor: parokia ya kusomwa kwenye kuta zake

Wageni wengi wanaofika Zennor, magharibi kabisa mwa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, huja kumwona nguva. Amechongwa ubavuni mwa kiti cha mbao ndani ya kanisa la Mtakatifu Senara, mkono mmoja ameshika kioo, wa pili kitana, kazi ya karne ya 15. Humpiga picha, wakasimuliwa kisa cha Mathey Trewhella, kijana wa sauti tamu aliyechukuliwa na nguva baharini asirudi tena, kisha wakapita baa ya Tinners Arms kunywa bia na kuondoka. Sina ugomvi na nguva. Lakini kazi yangu ni kusoma historia kwenye ramani na kwenye ardhi yenyewe, na kwa macho yangu hazina ya Zennor iko nje ya kanisa, kule mashambani.

Kwanza umbo la mahali. Parokia imebanwa kati ya Bahari ya Atlantiki na vilima vya graniti. Chini ni magenge ya mawe ya pwani, kule Zennor Head na Gurnard's Head. Juu ya magenge kuna ukanda mwembamba wa ardhi karibu tambarare, ambao mawimbi yaliuchonga enzi ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Nyuma yake ardhi inapanda ghafla hadi nyikani, kwenye miamba kama Carn Galver. Kinacholimika ni ule ukanda wa katikati tu. Kwa hiyo nyumba za wakulima zimejipanga mstari mmoja, Tremedda, Tregerthen, Wicca, Boscubben, na mashamba yao yanaelekea baharini upande mmoja na nyikani upande wa pili. Kila kaya ilihitaji sehemu ya kila aina ya ardhi: pa kulima, pa kuchunga, pa kukata kuni na majani.

Sasa zitazame kuta. Vishamba ni vidogo mno, vimepindapinda, na kila kimoja kimezungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Mkulima wa kale hakuweza kulima kabla ya kuyaondoa mawe. Yaliyobebeka aliyapanga ukingoni. Yale makubwa yaliyomshinda, mengine marefu kama kimo cha mtu, aliyaacha palepale yakawa msingi, na ukuta ukakata kona kuyafuata. Ukiinama ukachungulia chini ya ukuta utayaona, yamekaa tangu hapo. Sehemu ya mpangilio huu ni ya Enzi ya Chuma, na pengine ni ya Enzi ya Shaba, maana yake zaidi ya miaka 2,000. Kule Bosigran bado kuna mabaki ya nyumba za duara katikati ya mashamba yaleyale. Na ng'ombe wa maziwa wanalala katika vishamba hivyo hadi leo! Ni vitu vichache vilivyotengenezwa na binadamu ambavyo vimetumika muda wote huo kwa kazi ileile.

Kwa nini havikuvunjwa? Umaskini ulisaidia. Majirani waliwatania watu wa Zennor kwamba kwao ng'ombe alikula kamba ya kengele ya kanisa, kwa jinsi malisho yalivyokuwa haba. Asiye na kitu hapotezi nguvu kuhamisha jiwe la tani nzima.

Tamaa ya kutumia mawe ya kale kwa kazi nyingine haikukosekana, lakini. Juu nyikani lipo Zennor Quoit, kaburi la mawe la Enzi ya Mawe ya mwisho, ambalo bamba lake la juu limeteleza na kuegemea nguzo zake. Mwaka 1861 mkulima mmoja alitaka kuligeuza zizi la ng'ombe, na akaanza kazi kweli. Kasisi wa parokia akampa shilingi 5 ili akajenge kwingine. Nguzo alizokwisha kuzisimamisha bado zipo pale.

Madini ya bati yalileta pesa kwa vipindi, na majengo ya mitambo ya mgodi wa Carn Galver yanasimama kando ya barabara mpaka sasa, matupu. Ukutani mwa kanisa lipo jiwe la kumkumbuka John Davey wa Boswednack, aliyefariki 1891, linalomtaja kuwa wa mwisho kuwa na ujuzi wa maana wa Kikornishi, lugha ya kale ya Cornwall, kilichorithiwa. Mwandishi D. H. Lawrence naye aliishi Higher Tregerthen kuanzia 1916 na mkewe Mjerumani, Frieda. Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, wakashukiwa kuzipa ishara nyambizi za Ujerumani, na Oktoba 1917 wakaamriwa kuondoka Cornwall.

Mgogoro wa karibuni ni wa ardhi tena. Tangu 1987 wakulima wa West Penwith, eneo ilimo Zennor, waliweza kulipwa na serikali kwa kuzitunza kuta na nyika. Mwaka 2022 shirika la serikali la uhifadhi, Natural England, likatangaza nyika za Penwith kuwa eneo la hifadhi ya kisayansi, na wakulima wakapinga, wakihofia masharti kuhusu malisho na mbolea. Mimi hapa nawaelewa wakulima. Nyika ile si pori. Mifugo ikiondolewa, miiba na magugu hufunga njia na kufunika kuta ndani ya miaka michache, na hakuna bajeti ya hifadhi itakayolipa watu wa kufyeka kila siku kazi ambayo ng'ombe wanaifanya bure.