Mabaki ya Kazi Iliyoachwa Njiani

Wengi wanaoniambia kwamba hawana muda wa kutafakari, ukiwachunguza, utakuta muda wanao: wametenga saa mbili za asubuhi, wamefunga mlango, wameketi, lakini akili zao bado hazijafika. Mimi ni mtafiti wa umakini, na swali hili la kuchelewa kwa akili ndilo linalonishughulisha kuliko yote.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kile alichokiita mabaki ya umakini. Mtu anapoiacha kazi kabla haijakamilika na kuhamia nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka, na kazi ya pili hufanywa kwa kile kilichosalia. Kwa kazi ya kujibu barua pepe upungufu huo huenda usionekane. Inayoumia ni kazi ya tafakuri, kwa kuwa anayefuatilia hoja ngumu hulazimika kushikilia mambo matatu au manne kichwani kwa pamoja, bila kuliachia hata moja, mpaka uhusiano uliopo baina yake uanze kujitokeza. Na kumbukumbu tendaji ya binadamu, yaani uwezo wa kushikilia mambo akilini huku ukiyafanyia kazi, haibebi mengi zaidi ya hayo.

Simu nayo huenda isihitaji hata kulia. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake walichapisha majaribio ambamo washiriki walipimwa uwezo wa kumbukumbu tendaji, baadhi yao simu zikiwa mezani, wengine mfukoni au mkobani, wengine katika chumba kingine. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani, ingawa simu zote zilikuwa kimya. Majaribio ya baadaye hayakupata tokeo hilo kila mara, kwa hiyo silichukulii kuwa sheria. Hata hivyo, simu yangu huilaza chumba kingine, kwani hainigharimu chochote.

Programu za kuzuia arifa ninazipendekeza, ila zina mpaka wake: huzuia kinachokuja, haziondoi kilichokwisha kuingia. Anayesoma ujumbe mzito dakika tano kabla ya kuketi, bila kuujibu wala kuamua ataujibu lini, ameingia na ujumbe huo chumbani. Hapo ndipo utafiti wa Leroy na Theresa Glomb wa mwaka 2018 unaponisaidia zaidi: kabla ya kuondoka kwenye kazi iliyokatizwa, andika kwa ufupi umefikia wapi na utaanzia wapi ukirudi. Akili hukubali kuiachia kazi inayojua itakapoendelezwa.

Jana niliitwa nikiwa katikati ya uchambuzi wa data. Kabla ya kuinuka niliandika kwa penseli, pembeni mwa karatasi: “Jedwali la 3. Kwa nini kundi la pili linashuka baada ya dakika ya 10? Anza na waliochelewa kuanza.” Nilirejea baada ya saa moja na nusu, nikasoma mistari hiyo, na kabla sijafungua faili lolote nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiri juu ya waliochelewa.