Muuza dawa za mifugo na mfamasia wa mifugo ni watu wawili

Juzi kwenye semina moja mshereheshaji akamsimamisha jamaa akasema "na huyu ndo mfamasia wetu wa mifugo", nikageuka haraka kumtazama manake hao watu ni wachache na nilikuwa na swali langu la siku nyingi. Nikamfuata wakati wa chai. Kumbe jamaa anauza dawa za minyoo na za kupe, kazi kaifundishwa dukani na shemeji yake, na mwenyewe alikuwa anaona haya kwa jinsi alivyotambulishwa. Sina ugomvi nae hata kidogo, dawa anazouza anazijua vizuri kuliko wengi. Ugomvi wangu ni na hilo jina, kwasababu siku hizi kila mtu anavishwa: leo kavishwa muuza duka, kesho daktari wa mifugo mwenye kabati la dawa nyuma ya ofisi, keshokutwa mtafiti wa maabara ambae hajawahi kumpa mgonjwa hata kidonge kimoja.

Maana yenyewe fupi tu. Mfamasia wa mifugo ni mfamasia, yaani mtu aliyesomea famasia na akasajiliwa kama wafamasia wengine, ila wagonjwa wake si binadamu. Anakagua dawa aliyoandika daktari wa mifugo, anaitengeneza pale ambapo iliyo tayari haipo, anaitoa, anamshauri daktari na mwenye mnyama. Hiyo ndo maana, tuendelee.

Sasa tatizo nadhani linaanzia kwenye neno "dawa" lenyewe. Tumelichukua kwa Waarabu likiwa na kazi moja ya kuponya, sisi tukalibebesha mizigo yote: dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya. Dawa ya panya haimtibu panya. Kwahiyo ukisema mtu "ni wa dawa za mifugo" hujaniambia bado kama anaponya, anaua kupe, anauza au anatafiti. Wagiriki nao walikuwa na shida hiyohiyo, pharmakon kwao ilikuwa dawa na ilikuwa sumu vilevile, ukitaka kujua ni ipi unasubiri sentensi iishe, na huko ndo lilikotoka famasia. Mimi napenda kwamba neno la fani lina sumu ndani yake tangu mwanzo, kwasababu ukiangalia mfamasia wa mifugo anachofanya kutwa nzima ni kuuliza kitu hichohicho: hii ni dawa kwa nani na ni sumu kwa nani?

Na "mifugo" nako kuna mjadala. Mifugo ni vile vinavyofugwa, na ukimtajia mtu mifugo anawaza ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, basi. Paka anafugwa lakini hawazi paka. Kasuku je? Tembo kwenye bustani ya wanyama? Nyuki? Samaki wa bwawani? Wote hao wana dawa zao na mfamasia huyu anahusika nao. Kuna wanaopendekeza tuseme "famasia ya wanyama", sawa, ila na hapo kuku wanabaki nje manake kwenye Kiswahili cha kawaida kuku ni ndege, na nyuki ni mdudu, ukimwita mnyama utachekwa. Hata Kilatini kilianza finyu hivohivo, veterinae walikuwa wanyama wa kubeba mizigo tu, punda na wenzake, veterinarius akawa mtu wao, baadae ndo neno likapanuka likawameza wengine wote. Mimi nimebaki na "mifugo" kwasababu daktari wa mifugo tunae tayari na hatuna haja ya kuanzisha vita mpya.

Ila lipo neno moja ambalo nalipenda kuliko yote. Waarabu daktari wa wanyama walimwita baytar, na inasemekana lenyewe ni la Kigiriki, hippiatros, tabibu wa farasi, likasagwasagwa njiani mpaka likawa hivo. Karne ya 13 alikuwepo bingwa wa dawa, mzaliwa wa Málaga, aliyefia Damascus mwaka 1248, aliyeorodhesha dawa na vyakula kama 1,400 pamoja na matumizi yake. Anaitwa Ibn al-Baytar. Mwana wa baytar! Yaani mmoja wa watu wakubwa wa dawa katika historia jina lake ni mtoto wa daktari wa mifugo, na yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa mimea na dawa. Fani mbili zimekaa kwenye jina moja na bado kila moja iko upande wake. Mtu akinibishia kwamba "si ni kitu kimoja tu" huwa namtajia huyo mzee.

Asipoelewa namtajia Uingereza. Wao dawa za wanyama wamezigawa makundi, na kundi moja linaitwa POM-VPS (POM ni dawa isiyotolewa mpaka mtaalamu aidhinishe). Herufi tatu za mwisho ni watu watatu wanaoruhusiwa kuidhinisha na kutoa dawa za kundi hilo: V ni daktari wa mifugo, P ni mfamasia, S ni yule ambae si daktari wala mfamasia ila amesomea na kufaulu mtihani wa dawa hizo, akaandikishwa. Huyo S ndo ndugu yake yule jamaa wa kwenye semina, tena S anatakiwa awe na mtihani. Sasa kama wangekuwa mtu mmoja wangeandikiwa herufi tatu za nini? Halafu kuna kundi lingine, POM-V, hapo anayeandika ni daktari wa mifugo peke yake, mfamasia anaweza kuitoa akiletewa cheti cha daktari, ila kuiandika hawezi. Anayeamua mnyama anaumwa nini na atibiwe na nini ni daktari. Mfamasia hapimi ng'ombe homa, na akianza kupima ametoka kwenye kazi yake.

Kosa la pili ndo linaloniuma zaidi, na hili wanalifanya waliosoma: kuchanganya famasia na famakolojia. Famakolojia ni elimu ya dawa inaufanyaje mwili na mwili unaifanyaje dawa. Famasia ni kazi ya kuhakikisha dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, kwa umbo ambalo mgonjwa huyu atalimeza, inamfikia mgonjwa huyu. Famakolojia ya tiba kwa wanyama ni ubingwa wa madaktari wa mifugo, Marekani wana chuo chao cha mabingwa kabisa na mfamasia hawezi kuingia humo kwa ufamasia wake. Wapo wachache wenye vyote viwili, kama Katrina Mealey, yeye alisoma famasia kwanza halafu ndo akarudi kusoma udaktari wa mifugo, na mwaka 2001 yeye na wenzake wakaonyesha kasoro ya jeni inayofanya mbwa wa aina ya collie walewe na wafe kwa ivermectini, dawa ya minyoo ambayo mbwa wengine wanaivumilia. Lakini alilazimika kusoma mara mbili. Hakuna aliyempa digrii ya pili kwa kuwa fani "zinafanana".

Nikifika hapo kuna mfamasia wa hospitali ya watu atanyoosha mkono, "basi mimi ni mfamasia tayari, mnyama ni kupunguza dozi tu". Hapana ndugu yangu. Paka si mtoto mchanga mwenye manyoya. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuifunga paracetamol na kuitoa, kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua. Mbwa mwenye upungufu wa homoni ya thairoidi nae anaanzia karibu miligramu 0.02 za dawa ya homoni hiyo kwa kila kilo mara mbili kwa siku, mbwa wa kilo 30 hiyo ni miligramu 0.6 asubuhi na 0.6 jioni, wakati mtu mzima mwenye tatizo hilohilo mara nyingi anakunywa kama 0.1 kwa siku nzima. Mfamasia wa watu akiona cheti kama hicho anashtuka, anadhani daktari kakosea nukta, na akiamua "kusahihisha" mwenyewe bila kupiga simu mbwa anabaki na ugonjwa wake. Kuna dawa za maji za watu zimetiwa zailitoli ili ziwe tamu, kwako ni utamu tu, kwa mbwa inashusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuharibu ini. Insulini nyingi za wanyama zina yuniti 40 kwa mililita na za watu kawaida ni 100, ukitoa bomba la sindano lisilo lake dozi inakosewa mara mbili na nusu. Hata mwandiko ni tofauti, madaktari wa mifugo wana kifupisho SID, mara moja kwa siku, ambacho kwenye famasia ya watu hakifundishwi, na mtu anaweza kukisoma BID akatoa mara mbili.

Na sijagusa mnyama anayeliwa. Hapo mgonjwa ni mmoja ila dawa itawafikia wengi kupitia maziwa na nyama, kwahiyo kuna muda wa kusubiri baada ya dozi ya mwisho, na kuna dawa kama kloramfenikoli ambazo nchi nyingi zimezipiga marufuku kabisa kwa mnyama wa kuliwa hata kama zingemponya.

Sasa mtu anajifunza wapi yote haya? Hapa ndo jina linapata uzito wake, manake vyuo vingi vya famasia vinagusa wanyama kidogo sana au havigusi, inakuwa somo la hiari la wiki chache. Mfamasia anakuja kuwa wa mifugo akishamaliza shule, kwa kukaa kwenye hospitali za kufundishia za vyuo vya udaktari wa mifugo, kuna hospitali zinachukua mfamasia kwa mafunzo ya vitendo ya mwaka mzima, asubuhi yuko na daktari wa farasi, mchana anatengeneza dawa ya macho ya bundi, jioni anatafuta ladha ambayo paka hataitema (kila mtu atakwambia kuku au samaki, na paka wa kwanza ataitema). Ndo anaujua ugumu wa kumpa ng'ombe antibiotiki kwa mdomo wakati tumbo lake linategemea bakteria kusaga majani.

Na kwakuwa walikuwa wachache na wametawanyika, mmoja hospitali hii, mwingine ile, walilazimika kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Marekani wafamasia wa hospitali hizo waliunda chama chao, Society of Veterinary Hospital Pharmacists, mwaka 1982, na kwa kiasi kikubwa ni kwa ajili ya kuulizana: kidonge hiki nikikiyeyusha kitakaa siku ngapi, kuna mtu ameshampa twiga dawa hii? Kitabu cha dozi ambacho madaktari wa mifugo wengi wanakifungua kila siku kiliandikwa na mfamasia wa hospitali ya aina hiyo, Donald Plumb, wala hakuwa daktari wa mifugo. Jamii ndogo lakini ndo shule yenyewe.

Humo nako watu wanachanganya uanachama na ubingwa. Kuwa mwanachama ni kujiunga. Ubingwa ni kitu kingine, una chombo chake, International College of Veterinary Pharmacy, wanaangalia uzoefu wako na unakalia mtihani ndo unaruhusiwa kuweka herufi DICVP baada ya jina. Nimeshaona mtu kahudhuria kozi ya siku mbili akapewa cheti cha kuhudhuria, wiki iliyofuata kadi yake ya biashara imeandikwa "bingwa". Cheti cha kuhudhuria kinathibitisha kwamba ulikuwepo na pengine kwamba ulikula chakula cha mchana.

Basi mshereheshaji wetu, sikuhesabii kosa, ulitaka kumheshimu mgeni. Ila siku nyingine mwite muuza dawa za mifugo, ni kazi halali na hakuna tusi ndani yake. Daktari mwenye kabati la dawa mwite daktari wa mifugo, hilo kabati halimbadilishi. Yule wa maabara ni mtaalamu wa famakolojia, ni refu kidogo kutamka kwenye maiki lakini atakushukuru. Na ukibahatika kupata mfamasia wa mifugo mwenyewe naomba uniite tu, lile swali langu bado ninalo.