Nyigu wa kidung'ata: namna ya kumtambua Anagyrus lopezi kwenye mihogo ya Kusini

Kiangazi kikishakolea huku Kusini mwa Tanzania, vilele vya mihogo huanza kujikunja. Pingili za juu hufupika, majani machanga hukakamaa na kushikamana, na wachuma kisamvu ndio huwa wa kwanza kuona unga mweupe umejazana chini ya jani. Huyo ni mdudu aitwaye kidung'ata wa muhogo, kitaalamu Phenacoccus manihoti. Wakulima wa Nanyamba na Mtama huniuliza dawa ya kupuliza. Kabla sijajibu, huomba nioneshwe hicho kilele chenyewe, maana nataka kwanza kuwaona vidung'ata waliokufa.

Kidung'ata mzima ana rangi ya waridi chini ya ule unga, na ni laini, ukimminya hupasuka. Katikati ya wenzake, ukitazama kwa utulivu, utamkuta mmoja aliyevimba, ngozi imekuwa ngumu na ya kahawia. Ndani yake mna nyigu, aliyetoka kwenye yai lililotagwa humo. Ukiona tundu la mviringo kwenye ncha moja ya mwili, nyigu ameshatoka. Mara nyingi aliyetoka hapo ni Anagyrus lopezi, rafiki mkubwa wa mihogo yetu. Nasema mara nyingi, si kila mara, na sababu nitaieleza mbele.

Kidung'ata na nyigu wake wote ni wageni barani Afrika. Kidung'ata alitoka Amerika ya Kusini bila adui zake, akaonekana kwenye eneo la Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na akapewa jina la kisayansi mwaka 1977. Vidung'ata hawa wote ni majike, huzaa bila dume, kwa hiyo mmoja tu aliyebebwa kwenye mbegu ya muhogo anatosha kuanzisha ukoo mzima shambani. Watafiti walipoenda kutafuta asili yake walikutana kwanza na ndugu yake wa kaskazini mwa Amerika ya Kusini, anayefanana naye sana isipokuwa yeye ana madume, na nyigu waliokusanywa kwake hawakufaa. Mwaka 1981 kidung'ata wetu hasa alipatikana Paraguay, na Anagyrus lopezi akiwa naye. Mwaka huohuo nyigu aliachiliwa Ibadan, Nigeria, chini ya mradi wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, ulioongozwa na Hans Herren wa Uswisi, ambaye kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kufananisha spishi mbili zilizokaribiana kulikula muda, na wakati huo watu walikuwa wanapoteza muhogo, chakula chao cha kila siku. Ndiyo maana nawasumbua wanafunzi wangu kuhusu utambuzi.

Sasa tumtazame mwenyewe. Urefu wake ni kati ya milimita 1 na 1.5, dume akiwa mdogo zaidi. Kwa macho matupu utaona kijidoa cheusi kinachotembea haraka juu ya jani, kikigonga-gonga kwa vipapasio. Ukikisogelea na kidole, kinaruka kama kiroboto. Mruko huo ni alama ya kwanza ya familia yake, Encyrtidae, na sababu yake iko kwenye kifua. Kwa nyigu wengi ubavu wa kifua umegawanyika kwa mifereji na vipande. Kwa huyu, ubavu ni bamba moja kubwa lililotuna, halina mkato, na nyuma yake mmejaa misuli inayosukuma mguu wa kati. Mguu huo nao, mwishoni mwa muundi, una mwiba mnene mrefu kuliko wa miguu mingine. Anayejifunza aanze hapo. Rangi hufifia kwenye spiriti, lakini bamba na mwiba hubaki.

Hadubini ya kutazamia vitu vizima, yenye ukuzaji wa mara 40, inatosha kuona alama ya pili: bawa la mbele. Mishipa yake ni michache mno, imekaa ukingoni tu, na sehemu yote iliyobaki ina vinywele vifupi. Ila kutoka pale mshipa unapoishia, unashuka mstari mwembamba wa mshazari usio na unywele. Mwanga ukipita chini ya bawa, mstari huo unaonekana wazi kabisa. Mimi naupenda kuliko alama zote. Alama ya tatu iko tumboni: kila upande kuna kijibamba chenye nywele ndefu za kuhisia. Kwa jamaa zake wengi vijibamba hivyo hukaa karibu na ncha ya tumbo, lakini kwa familia hii vimesogea mbele.

Hapo umejua familia. Kujua spishi, nenda kwenye vipapasio vya jike. Pingili ya kwanza, ile inayoungana na uso, ni pana na bapa, na kipapasio kizima kina mabaka meusi na meupe yanayopishana. Mwili ni mweusi unaong'aa, miguu ina sehemu nyeupe. Dume hana mabaka hayo. Vipapasio vyake ni vyembamba vyenye nywele ndefu, na asiyejua angeapa kwamba ni mdudu mwingine. Mnaosoma vitabu vya zamani msishtuke kukuta jina Epidinocarsis lopezi. Ni huyuhuyu. De Santis wa Argentina alimwelezea mwaka 1964, na tangu hapo amehamishwa jenasi zaidi ya mara moja.

Jike hutaga yai moja ndani ya kidung'ata mmoja, na kwa kawaida humtoboa kwanza kumpima. Kidung'ata mdogo hupewa yai lisilorutubishwa, ambalo huwa dume. Mkubwa hupewa lililorutubishwa, nalo huwa jike. Wengine hawatagii kabisa: huwachoma na kunywa maji ya mwili wao, nao hufa. Kwa hiyo ukihesabu tu wale waliovimba na kukauka, unakuwa umempunja nyigu kazi yake.

Ile "mara nyingi" niliyosema mwanzo inahusu nyigu wanaokula nyigu. Wapo wanaotaga ndani ya kidung'ata ambaye tayari amebeba mtoto wa Anagyrus, na mtoto huyo ndiye wanayemla. Wakitoka, hutoboa ganda lilelile. Mmojawapo ni Chartocerus, mweusi na mdogo vilevile. Mtenganishe kwa kiuno, kwa sababu tumbo lake limeungana na kifua kwa upana wote, na ncha ya kipapasio chake ni rungu moja refu lisilo na pingili. Mtu akifuga nyigu wa kusambaza kwa wakulima bila kuangalia hilo, atakuwa anasambaza adui wa rafiki yake.

Kupata sampuli hakuhitaji gharama. Kata vilele vyenye vidung'ata waliokauka, tia kwenye chupa kavu, funika kwa kitambaa chepesi, weka kivulini, na usimwagie maji. Kutoka yai hadi nyigu kamili ni wiki mbili hadi tatu hivi, kutegemea joto. Usichukue vilele vya muhogo uliopandwa chini ya mikorosho wakati wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Unga huo wa salfa huwadhuru nyigu wadogo, na msimu wake huangukia kiangazi kilekile wanapohitajika zaidi. Mwenye muhogo na mikorosho pamoja naye alifikirie hilo kabla ya kuongeza dawa nyingine juu.

Nyigu wakitoka, watie kwenye alkoholi ya asilimia 70 au zaidi, na karatasi iliyoandikwa kwa penseli: tarehe, kijiji, mmea. Tia pia vidung'ata wachache wazima kwenye kichupa cha pili. Kidung'ata wa mpapai, Paracoccus marginatus, naye hushambulia muhogo, na nyigu wake, Acerophagus papayae, ni wa manjano na mdogo zaidi. Akiwa hai kidung'ata huyo ni wa manjano. Kwenye alkoholi hugeuka bluu iliyokoza, karibu nyeusi, na hapo utajua bila hadubini kwamba umekusanya wa mpapai.